Kipimo ni Masika ya Pili: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Klabu Zinazojitolea Hifadhini Kilombero

Ukitoka Mikumi, ukavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu na kuyapita mashamba ya miwa, unafika Mang'ula, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mbele kuna Ifakara na bonde lote la Kilombero. Klabu ya huduma inayotaka kutoa siku zake kuboresha kituo cha wageni cha hifadhi ya huku inafanya jambo jema. Hata hivyo, nia njema haizibi paa linalovuja, na kazi mbovu huwaachia wenyeji mzigo ambao hawakuwa nao.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, kubalianeni na kipimo hiki: kazi yenu itapimwa baada ya masika ya pili. Mlichokiacha kikiwa bado kinatumika, mmejitolea. Kikiwa kimeoza, mlikwenda kutembea.

KABLA YA KWENDA

Fanyeni: bisheni hodi kwa mwenye nyumba. Udzungwa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Msitu wa asili wa Magombera uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Pori la Akiba Kilombero liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Hizi ni mamlaka tatu zenye taratibu tatu. Andikeni barua kwa inayohusika, subirini jibu la maandishi, kisha mpite kwenye serikali ya kijiji mkajitambulishe.

Fanyeni: ulizeni kilichoharibika. Muulizeni mhifadhi, mpokea wageni na anayefagia. Huyo wa mwisho ndiye anayejua bomba lipi halitoi maji, mlango upi wa choo haufungi na wageni husimama wapi mvua inaponyesha. Choo, maji na kivuli vitangulie. Picha za ukutani zifuate.

Msifanye: msipeleke kilichojaa kwenye stoo zenu. Kompyuta mbovu, vitabu visivyohusu mahali pale na viti vilivyovunjika ni taka, hata vikikabidhiwa kwa hotuba.

Msifanye: msipange kazi kwa kufuata likizo zenu. Hili nalijua kwa uchungu. Nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kupaka rangi kituo kimoja ambacho sikitaji. Tulikwenda Aprili kwa sababu ndipo wengi wetu tulipokuwa na mapumziko ya Pasaka. Ukuta ulikuwa bado unatoa unyevu. Tulipaka, tukapiga picha, tukaondoka. Kufikia Julai rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na mhudumu mmoja ndiye aliyebaki kuikwangua. Fanyeni kazi kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ukuta ukiwa umekauka.

VIFAA NA UJENZI

Fanyeni: nunueni mbao zenye karatasi zake. Daini risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Bondeni humu humu kuna mashamba ya mitiki iliyopandwa, kwa hiyo hakuna udhuru. Kituo kinachowafundisha watu kutunza msitu kisijengwe kwa mninga ulioibwa msituni. Mbao zote zitiwe dawa ya mchwa kabla hazijagusa ardhi.

Fanyeni: waajirini mafundi wa Mang'ula na Ifakara, na muwalipe. Kujitolea ni kwenu. Fundi anayeishi hapo ndiye atakayeitwa bawaba ikilegea, na atarudi kwa moyo kama alilipwa haki yake. Mwanachama asiyejua kushika mwiko wa saruji abebe maji na kuchekecha mchanga, maana nayo ni kazi.

Msifanye: msipande mimea ya mapambo ya kigeni. Lantana ikitoka kwenye bustani ya kituo na kuingia pembezoni mwa msitu, hakuna klabu itakayokuja kuing'oa. Ulizeni watu wa ikolojia wa hifadhi ni miti gani ya asili inayofaa, na mpande hiyo tu.

MANENO YA UKUTANI

Hapa ndipo klabu nyingi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fanyeni: Kiswahili kitangulie. Kiwe juu, kwa herufi kubwa. Mgeni wa kwanza wa kituo hiki ni mwanafunzi wa Ifakara ambaye ameitazama milima hii tangu kuzaliwa na hajawahi kuingia ndani yake. Mtalii kutoka Ulaya atasomewa na mwongozaji wake.

Fanyeni: simulieni mambo yenye uhai. Kuandika kwamba hifadhi ilianzishwa 1992 na ina kilomita za mraba 1,990 ni sawa, lakini mtoto hatakumbuka. Mwambieni kuhusu kinyonga wa Magombera aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2009, baada ya mtafiti kumshtua nyoka msituni na nyoka kumtema kinyonga aliyekuwa akimla. Mwambieni kuhusu sheshe, swala wa majani ya mafuriko, ambaye bonde hili liliwahi kuwa na wengi wake kuliko mahali pengine popote duniani. Mwambieni kuna mnana anayeitwa wa Kilombero kwa sababu makazi yake ni bonde hili. Halafu mwambieni kwamba tangu 2002 bonde lake ni ardhioevu inayotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Msifanye: msiandike "aligunduliwa" kana kwamba wenyeji walikuwa vipofu. Mangabei wa Sanje aliingia kwenye vitabu vya sayansi baada ya 1979. Watu wa vijiji vya chini ya mlima walikuwa wakimsikia na kumjua muda mrefu kabla ya hapo. Andikeni "alitambuliwa na wanasayansi", na waulizeni wazee jina walilomwita.

Msifanye: msimchore mwanakijiji kama adui. Hadi mwaka 2011 akina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia Udzungwa kuokota kuni kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo iliposimamishwa, wao ndio waliobeba gharama jikoni. Bango lenye picha ya mama mwenye mzigo wa kuni na alama nyekundu ya kukataza litamtukana bibi wa mtoto anayelisoma. Elezeni sababu ya katazo, na elezeni pia kilichopotezwa. Wandamba, wenyeji wa bonde hili, na mitumbwi yao wapewe nafasi ukutani kama walivyopewa tembo.

Msifanye: jina la klabu lisizidi jina la hifadhi. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905 na Lions mwaka 1917. Sifa ya klabu hizi haitegemei bango la Mang'ula. Kibao kimoja kidogo, ndani, kinatosha.

SIKU YA KAZI

Msiwalishe nyani wala kuacha mabaki ya chakula nje; nyani aliyezoea wali wa wageni hugeuka kero, na mwisho wake huwa mbaya. Msilete spika za muziki. Msiwapige picha watoto wa shule bila idhini ya walimu na wazazi. Msimwage maji ya kuoshea brashi kwenye kijito, maana kuna watu wanaochota chini yake. Taka zote mrudi nazo.

BAADA YA KAZI

Fanyeni: kabidhini kwa maandishi. Orodha ya vilivyofanyika, jina na namba ya rangi iliyotumika, simu za mafundi, vipuri vya bomba, rangi iliyobaki ikiwa imefungwa vizuri. Vyote vipokewe kwa sahihi.

Fanyeni: tengeni fedha ya matengenezo ya miaka miwili. Ikiwa bajeti haitoshi kujenga na kutunza, punguzeni ujenzi. Choo kimoja kinachotunzwa kina faida kuliko vitatu vilivyofungwa kwa minyororo.

Msifanye: msitangaze mafanikio siku ya uzinduzi. Subirini.

Masika ya pili yakipita, mwezi Juni, rudini wawili au watatu, bila fulana za klabu. Lipeni kiingilio kama mgeni mwingine. Fungueni bomba. Ingieni chooni. Simameni nyuma ya wanafunzi na msikilize kama kuna anayesoma ukutani kwa sauti. Kisha nendeni kwa yule anayefagia mkamuulize tena kilichoharibika, na safari hii mje mmebeba spana.