Somo la Matengenezo: Kununua Vipuri Sahihi vya Trekta Kuukuu

Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia makatibu na wanachama wa vyama vya msingi kulinda fedha za chama pale inapoamuliwa kulifufua trekta la zamani. Mara nyingi mwili wa trekta kama hilo ungali mzima, na fundi wa kulitengeneza yupo. Hasara hutokea dukani. Hununuliwa kipuri kisicho chake, msimu wa kulima hupita, na wanachama waliokwisha kulipia ekari zao hubaki na stakabadhi mikononi badala ya mashamba yaliyolimwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, katika Tanganyika ya wakati ule. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya vita, yaliyochakaa na ya aina mbalimbali, na vipuri vyake vilikuwa adimu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo ugumu wa ardhi na uchache wa mvua, lakini matrekta yaliyolala kwa kukosa vipuri yalikuwa miongoni mwazo. Mwaka 1951 mpango huo ukavunjwa. Ikiwa serikali yenye hazina kubwa ilipata hasara hiyo, chama chenye trekta moja hakina budi kuwa na hadhari zaidi.

1. JINA LA TREKTA HALITOSHI

Na uchukuliwe mfano wa chama chenye trekta la Massey Ferguson 35. Dereva apewa fedha, aagizwa mjini akanunue "pistoni za Massey 35". Arudi na pistoni tatu mpya. Fundi afungua injini na kukuta silinda nne.

Mwenye duka hakudanganya, wala dereva hakuiba. Matrekta ya kwanza ya aina hiyo, yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, yalikuwa na injini ya dizeli ya Standard yenye silinda nne. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1959 yakafungwa injini ya Perkins yenye silinda tatu. Jina ni moja, bali injini ni mbili, na pistoni ya moja haiingii katika nyingine.

Hata injini za Perkins za silinda tatu hazifanani zote. Baadhi zina slivu nyembamba zilizopakwa kromiamu, nyingine zina slivu za chuma cha kusubu. Baadhi zina sili ya kamba nyuma ya krankishafti, nyingine zina sili ya mpira. Kwa hiyo anayeuliza kipuri kwa jina la trekta, au kwa rangi yake, anabahatisha kwa fedha za wenziwe.

2. NAMBA ZINAZOPASWA KUNAKILIWA

Kabla ya mtu yeyote kwenda dukani, namba hizi na ziandikwe kwenye karatasi, herufi kwa herufi:

(a) Namba ya trekta, iliyo kwenye kibati. Katika Massey Ferguson 35 na 135 kibati hicho hukaa kwenye dashibodi.

(b) Namba ya injini, iliyogongwa kwenye mwili wa injini yenyewe. Herufi zinazotangulia tarakimu zisiachwe, kwani ndizo zinazotenga aina moja na nyingine.

(c) Namba ya pampu ya dizeli, iliyo kwenye kibati cha pampu.

(d) Namba iliyogongwa kwenye kipuri kilichoharibika, ikiwa ingali yasomeka. Uchafu usuguliwe kwa mafuta ya taa na brashi. Tindo na msasa visitumike, maana hufuta namba.

Hata hivyo kibati peke yake kisiaminiwe. Trekta la miaka mingi huenda limekwisha kubadilishwa injini au giaboksi. Kibati chaeleza jinsi lilivyotoka kiwandani. Kipuri kilichotolewa chaeleza jinsi lilivyo leo. Vikipingana, kipuri ndicho kifuatwe.

3. VIPIMO

Kuna vipuri vinavyopatikana kwa kipimo bila kujali aina ya trekta. Beringi ni mfano mwema. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52, na unene milimita 15, iwe imetengenezwa nchi yoyote. Beringi 6305 nayo ina tundu la milimita 25, lakini upana wake wa nje ni milimita 62. Anayepima tundu peke yake atanunua isiyofaa. Oili sili vilevile hupimwa mara tatu: tundu, upana wa nje na unene.

Bolti zina mtego wake. Matrekta ya Uingereza ya miaka hiyo yalitumia sana bolti za inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa karibu milimita 7.94, na kwa macho haitofautiani na bolti ya milimita 8. Lakini nyuzi zake ni nyingine. Ikilazimishwa kwa spana, hukwangua nyuzi za tundu, na bolti ya bei ndogo huharibu chuma cha bei kubwa.

Beringi za krankishafti zataka uangalifu wa pekee. Krankishafti iliyokwisha kuchongwa hupungua unene, na beringi zake hununuliwa kwa saizi: 10, 20 au 30, yaani sehemu za elfu moja za inchi. Saizi hiyo kwa kawaida hugongwa mgongoni mwa beringi ya zamani. Krankishafti ipimwe kwanza na fundi mwenye maikromita, ndipo beringi zinunuliwe.

Ama klachi, ipimwe upana wa sahani na kuhesabiwa meno ya tundu la katikati.

4. KIPURI CHA ZAMANI KISITUPWE

Kipuri kilichoharibika kipelekwe dukani na kulinganishwa na kipya kabla ya malipo. Kisha kirudishwe stoo, kifungiwe kibandiko chenye tarehe, na kikae humo hadi kipya kitakapothibitika kufanya kazi. Faida ni mbili. Kwanza, kipya kikikosewa, kipimo hakijapotea. Pili, mkaguzi au mwanachama akiuliza kama kweli kipuri kilibadilishwa, cha zamani ndicho shahidi.

Matrekta ya namna hii yalitengenezwa pia kwa leseni India, Pakistan na iliyokuwa Yugoslavia. Ndiyo sababu vipuri vingi vimeendelea kupatikana. Vipuri hivyo vyaweza kufaa, lakini navyo vilinganishwe vivyo hivyo. Katika hati ya ununuzi muuzaji aandike namba ya kipuri, na akubali kwa maandishi kukipokea tena kisipoingia.

5. WAJIBU WA KATIBU

Katibu na afungue daftari la trekta. Ndani yake ziandikwe namba zote zilizotajwa, kila kipuri kilichonunuliwa, tarehe, bei, saizi, na jina la fundi aliyekifunga. Krankishafti ikichongwa, saizi yake iandikwe siku hiyohiyo. Madereva huhama na kamati hubadilika, lakini daftari hubaki ofisini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Je, namba ya injini ya trekta la chama chenu imeandikwa wapi, na nani anaijua?

2. Beringi 6205 na 6305 zatofautiana nini?

3. Kibati chasema injini ni ya silinda nne, lakini fundi amekuta tatu. Kinunuliwe kipuri gani, na daftarini kiandikwe nini?

4. Vipuri vya zamani vya chama chenu viko wapi sasa?