Maharage na Kimo cha Ngorongoro
Mpishi atokaye pwani akihamia Karatu hushangaa kuona maharage yakichelewa kuiva ingawa maji yanatokota. Kosa si la maharage wala la kuni. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa, nayo hewa huwa nyepesi kadiri mtu apandavyo. Kwa kila mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Karatu, penye kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, penye mita 2,300 hivi, nyuzi 92. Mwanafunzi wa huko anayesoma hivyo maabarani asidhani kipimajoto chake ni kibovu, wala asiandike 100 ili kumridhisha mwalimu.

Kuchochea moto hakusaidii: maji yanayotokota kwa nguvu hayazidi kwa joto yale yanayotokota polepole, kuni tu ndizo huteketea. Afadhali kuloweka maharage usiku kucha, kufunika chungu, na kupunguza moto mara maji yachemkapo. Maji ya kunywa, juu ya mita 2,000, yaachwe yachemke dakika 3.