Uchapaji wa Skrini na Utunzaji wa Nakala Zenye Kikomo: Somo la Sanaa kwa Darasa la Tano

Wanachuo wengi wanapoandaa somo la sanaa kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha huishia kuchora ubaoni na kuwaagiza watoto wanakili. Katika makala haya napendekeza kazi nyingine, niliyoijaribu katika shule moja hapa Ngokolo, Shinyanga. Watoto huchapa kwa skrini picha ya mchoraji wa mtaani, kwa idadi iliyotangazwa mapema, kisha huzitunza nakala hizo kama mkusanyo wa darasa.

Kwanza mwalimu mwenyewe aelewe tofauti kati ya picha iliyochorwa na picha iliyochapwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, alipaka rangi za kung'aa, za aina ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Hata aliporudia mnyama yuleyule, kila ubao ulikuwa kazi mpya ya mkono. Baada yake waigaji walikuwa wengi, na hadi leo mkusanyaji huuliza kwanza: huu ni mkono wa nani? Katika uchapaji swali linabadilika. Mchoro mmoja hutoa nakala nyingi, zote halisi. Mkusanyaji huuliza: ziko ngapi?

Mbinu ya skrini ilipata hataza Uingereza mwaka 1907 kwa jina la Samuel Simon wa Manchester, na kuanzia mwaka 1962 Andy Warhol wa Marekani aliitumia kwa picha za sanaa. Wachoraji wa mitaani waliipenda kwa sababu ni rahisi. Banksy wa Uingereza, aliyechora ukutani msichana na puto, mwaka 2004 alitoa picha hiyo kwa skrini: nakala 150 zenye sahihi na 600 zisizo na sahihi. Zenye sahihi huuzwa ghali zaidi, ingawa mchoro ni uleule. Waulize watoto kwa nini, wala usiharakishe kuwajibu.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 40, uwambe kitambaa chepesi cha nailoni cha pazia hadi kikaze kama ngozi ya ngoma, kisha uzibe kingo kwa utepe wa gundi. Kata mchoro kwenye karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, uache upoe, uchanganye na rangi ya maji. Kipande cha mpira wa kandambili kilichobanwa kwenye ubao mwembamba hutosha kuvuta rangi. Vuta mara moja, kwa mkono usiositasita, na usiiache rangi ikaukie kwenye kitambaa, kwani matundu yakiziba kazi imekwisha.

Kwetu fundi mmoja anayechora mabango ya saluni alikubali kutuchorea punda akivuta mkokoteni wa maji. Watoto walistaajabu kwamba jicho la punda, kipande kidogo kisichoshikwa na chochote, halikuanguka. Rangi ilikuwa imelibandika kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo faida ya skrini.

Tulitangaza nakala 20. Kila moja iliandikwa kwa penseli chini ya picha: nambari yake kushoto, sahihi ya fundi kulia. Hapa jiandae kwa swali. Mtoto aliyesoma sehemu wiki iliyotangulia atasema kwamba 1/20 ni ndogo kuliko 20/20. Mweleze kwamba mkwaju huu hausomwi kama sehemu. Maana yake ni nakala ya kwanza kati ya ishirini, na haina thamani ndogo kwa hilo. Nakala zilizoharibika zisihesabiwe. Zichanwe mbele ya darasa.

Wazazi walinunua nakala zote kwa shilingi 1,000 kila moja, nasi tukapata fedha za chaki. Siku ya kikao cha wazazi wengine wakaomba, nami, nikifikiria chaki zaidi, nikaruhusu nakala sita nyingine bila nambari. Msichana ambaye mama yake alinunua 20/20 akanyoosha mkono: "Mwalimu, ya mama bado ni ya mwisho?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha ahadi na kuivunja ndani ya wiki mbili.

Nilipomweleza fundi, alisema nakala za ziada si kosa zikitajwa waziwazi kuwa toleo la pili, kwa rangi nyingine na hesabu yake. Zetu hazikuwa hivyo: zilikuwa na rangi ileile, bila alama. Darasa lilijadili kipindi kizima, likaamua sita zile zirudishwe na zichanwe, fedha za waliozinunua zirejeshwe, na wale ishirini wa kwanza waelezwe yaliyotokea. Wazazi watatu kati ya hao walidai fedha zao, wakalipwa. Nilikuwa nimeandika katika azimio la somo kwamba mjadala utachukua dakika kumi.

Nakala tatu zilizorudi ndizo zikawa mwanzo wa mkusanyo wetu. Kwa utunzaji, zilaze bapa kati ya karatasi safi, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, maana mchwa wa huku hawachagui. Usizibandike kwa gundi wala utepe, usizitundike penye jua la dirishani. Fungua daftari lenye jina la mchoraji, tarehe, nambari, bei, na nani aliyekuwa nayo kabla yetu. Na skrini ikimaliza idadi yake, mtoto mmoja aukate mchoro wa nta vipande viwili mbele ya wenzake. Vya kwetu vimefungiwa kwenye bahasha, nyuma ya daftari.