Kuta za Chokaa na Milango ya Mbao: Maswali na Majibu kuhusu Upakaji Rangi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini hali ya nyumba zake haitegemei orodha hiyo kama inavyotegemea kazi ya fundi rangi anayeitwa kila baada ya miaka michache. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wenye nyumba huyauliza mara kwa mara.

Swali: Kwa nini rangi ya plastiki hubanduka mapema kwenye kuta za nyumba za kale?

Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, udongo na mchanga, nazo mara nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Mawe ya matumbawe yana vinyweleo vingi, yaani vitundu vidogo vinavyonyonya maji, na kwa kuwa misingi ya zamani haikuwekewa kizuizi cha unyevu, maji hupanda kutoka ardhini, hukaa ndani ya ukuta kwa muda, kisha hutoka kwa njia ya mvuke. Rangi ya plastiki, ambayo ni rangi ya maji iliyoshikanishwa kwa gundi ya kiwandani, ikikauka huwa utando unaouzuia mvuke huo. Maji yanapokwama nyuma ya utando, chumvi iliyoyeyuka ndani yake huganda ikawa fuwele, nazo fuwele hupanuka na kuisukuma plasta hadi malengelenge yatokeze. Lengelenge likibonyezwa kwa kidole hupasuka na kumwaga unga mweupe, ambao si vumbi la rangi bali ni plasta yenyewe iliyokwisha kusagika.

Madhara ya plasta ya saruji ni makubwa zaidi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika na haipitishi mvuke kwa urahisi, hivyo unyevu uliokosa pa kutokea chini huendelea kupanda hadi kuzifikia ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani, ambazo ndizo zinazobeba dari na sakafu ya ghorofa ya juu. Boriti huanza kuoza ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeiona, huku ukuta kwa nje ukiendelea kupendeza. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa rangi katika nyumba hizi ni suala la uimara wa jengo kabla ya kuwa suala la urembo.

Swali: Kama si plastiki, ukuta upakwe nini?

Upakwe chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe au mawe ya chokaa katika joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, ambapo hewa ya kaboni hutoka na kuacha chokaa kali isiyozimwa. Ikitiwa maji hutokota na kuwa uji mzito, na uji huo huachwa shimoni chini ya maji kwa wiki kadhaa, au miezi kwa fundi mwenye subira, ili chembe zote zizimike na kulainika. Wakati wa kupaka, huchujwa na kuzimuliwa kwa maji hadi iwe nyepesi mithili ya maziwa.

Ukuta husafishwa kwa brashi ngumu, hulowanishwa, kisha chokaa hupakwa kwa brashi pana kwa mikono miembamba mitatu hadi mitano, kila mkono ukipewa angalau siku moja. Mkono wa kwanza ukiwa bado mbichi ukuta huonekana kana kwamba haukupakwa kitu, kwa kuwa chokaa mbichi huruhusu rangi ya plasta kuonekana, na weupe wake hujitokeza polepole inapokauka. Hapo ndipo fundi asiyeizoea hukosea: huiongeza uzito ili matokeo yaonekane siku hiyohiyo, na chokaa nzito hupasuka na kupukutika. Chokaa haikomai kwa kukauka tu. Hukomaa kwa kuvuta tena kutoka hewani ile hewa ya kaboni iliyoipoteza tanuruni, hadi igeuke jiwe jembamba lililoshikana na ukuta. Mabadiliko hayo huhitaji unyevu kiasi, ndiyo maana ukuta uliopakwa hukingwa na jua kali na kunyunyiziwa maji. Anayetaka ukuta wa rangi huchanganya udongo wa manjano au mwekundu wenye oksidi za chuma, kwa kuwa rangi nyingine nyingi huharibiwa na ukali wa chokaa. Ukali huohuo huunguza macho na ngozi, kwa hiyo miwani ya kinga na glavu ni vya lazima.

Swali: Ukuta uliokwisha pakwa plastiki unaweza kurudishiwa chokaa?

Unaweza, ila chokaa haishiki juu ya plastiki, hivyo utando wote wa zamani lazima ukwanguliwe kwa mkono hadi plasta ionekane. Plasta ya saruji huondolewa kipande kwa kipande, maana ikibomolewa kwa nguvu hung'oka na jiwe. Kabla ya hayo yote mifereji ya paa na mabomba yanayovuja yatengenezwe, na ukuta uachwe ukauke.

Swali: Ni majira gani yanafaa kwa kazi hii?

Kipupwe, kati ya Juni na Septemba, ndicho kinachofaa zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huleta mvua inayosomba chokaa ambayo haijashika. Ukuta unaotazama upepo wa kusi hukauka upesi mno, nao hufaa kutundikiwa magunia yaliyoloweshwa.

Swali: Milango ya nakshi ipakwe vanishi au mafuta?

Mafuta, hasa kwa mlango unaopigwa na jua. Jua huivunja lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mbao, na uso wa mbao hugeuka kijivu, hata mbao ikiwa ni msaji au mvule. Vanishi ni utando mgumu juu ya mbao inayotanuka na kunywea kila siku. Ikipasuka, maji hupenya chini yake, mbao huwa na madoa meusi, na hakuna tiba ila kuibandua yote, kazi ambayo juu ya nakshi huumiza sana. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa huingia ndani ya nyuzi na kukaukia humo. Kwa mkono wa kwanza huzimuliwa kwa tapentaini, hupakwa kwa brashi laini hadi ndani ya michoro, na baada ya robo saa hivi mabaki yanayong'aa juu hufutwa yote, kwa maana yakiachwa hunata. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyatumia kwa nia njema, hayakauki kamwe, hivyo hukusanya vumbi na kuizika nakshi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe, kwa sababu hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vianikwe kimoja kimoja au viloweshwe majini.

Mashine ya msasa isiguse nakshi hata kidogo. Njumu za shaba nazo zisisafishwe kwa limau au asidi nyingine mlangoni, kwa kuwa majimaji yake hutia doa mbao. Sehemu ya kukaguliwa kwanza ni ncha za chini za miimo, pale zinapokutana na kizingiti, kwani huko ndiko maji hutuama na mchwa huanzia.

Swali: Je, rangi za mafuta za zamani zina hatari?

Zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 tu katika milioni. Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu wala isichomwe. Iloweshwe kwanza, ndipo ikwanguliwe, na vipande vikusanywe juu ya turubai, watoto wakiwa mbali.

Swali: Mwenye nyumba amtambue vipi fundi anayefaa?

Amsikilize anavyotoa bei. Fundi anayetaja idadi ya madebe kabla ya kuugonga ukuta, kuangalia paa na kuuliza ulipakwa nini mwanzo, anauza rangi. Makubaliano yaandikwe, yakitaja matayarisho, idadi ya mikono na siku za kusubiri kati yake, kwa kuwa siku hizo ndizo za kwanza kukatwa malipo yanapobanwa. Ndani ya Mji Mkongwe, kazi isianze kabla ya kupata ruhusa ya mamlaka ya hifadhi ya mji huo, iliyoundwa mwaka 1985.