SOMO: Kupima mawazo ya raia kabla uwanja wa shabaha haujajengwa



Kwetu Beni na Butembo mlio wa bunduki si mchezo. Tangu mauaji ya raia ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, jamaa nyingi zikisikia risasi hufunga mizigo kwanza, huuliza baadaye. Basi wakubwa wakipendekeza uwanja wa kulenga shabaha, yaani mahali pa kujizoeza kupiga bunduki, katika bustani ya mji, tutajuaje raia wanawaza nini kweli?

Mifano miwili kutoka Kenya

Huko Archer's Post na Dol Dol, jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwa miaka mingi kwenye malisho ya Wasamburu na Wamasai. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki ardhini, yakaua na kulemaza wachungaji na watoto. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Fedha hizo hazikurudisha mguu wa mtu.

Mjini Nairobi, mwaka 1989, palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari Maathai aliandika barua nyingi kuupinga. Alitukanwa hata bungeni, lakini raia wengi walikuwa na wazo kama lake. Jengo halikujengwa.

Fundisho: raia waulizwe mapema, wala kimya chao kisihesabiwe kuwa ndiyo.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya 2006 kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia serikali ombi, peke yake au pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu katika miezi 3, na mwandishi asishitakiwe kwa sababu hiyo. Tena sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai raia waulizwe kabla ya kila mradi unaoweza kugusa mazingira.

Kwa nini mkutano mmoja hautoshi?

Mkubwa akiuliza mbele ya askari, "Nani anakataa?", ni nani atainua mkono? Mhamishwa anayelala kwa jamaa iliyomupokea anaogopa kuitwa mgeni mwenye kelele. Mama yuko shambani, kijana yuko sokoni. Lakini hao ndio watakaosikia risasi kila siku.

Hatua tano

1. Mjulisheni kwanza shefu wa kartie, ili kazi isidhaniwe kuwa ya siri.
2. Chagueni nyumba kwa utaratibu. Avenyu ikiwa na nyumba 120, ingieni kila nyumba ya 10: mtapata 12. Msichague marafiki. Ulizeni pia kama kuna wahamishwa ndani, maana mara nyingi hawamo katika orodha.
3. Ulizeni bila kusukuma jibu. Msiseme, "Unapenda usalama, sivyo?" Semeni, "Uwanja huu ukijengwa hapa, utakuletea faida gani? Hasara gani?" Mama aulizwe na mama, peke yake.
4. Msiandike majina. Andikeni jibu: anakubali, anakataa, au anakubali kwa masharti, kisha sababu yake.
5. Rudisheni matokeo kwa raia kwanza, wayasahihishe. Ndipo yapelekwe kwa mkuu wa komini na kwa meya.

Angalisho

Kupima mawazo si kuchochea watu wakatae. Mtu anaweza kusema kwamba askari asiyejizoeza hawezi kutulinda. Andikeni hilo pia. Mwingine atasema uwanja uende mbali na makao, uzungushiwe ukuta, saa za kupiga zitangazwe, na maganda ya risasi yaokotwe watoto wasiyachezee. Katika masharti kama hayo ndimo mapatano yanapozaliwa. Karatasi iliyobeba "ndiyo" na "hapana" zote mbili, mkubwa hataitupa kwa urahisi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

- Katika mikutano yetu, ni nani hasemi kamwe? Kwa nini?
- Kama matokeo yanapingana na wazo letu sisi viongozi, tutayapeleka?
- Mtoto aliyekimbia vita atatambuaje risasi ya mazoezi na risasi ya adui? Nani atamufundisha?