KUTAYARISHA UDONGO WA PILIPILI MANGA NYUMBANI

Pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, nao huishi miaka mingi. Ukitunzwa vizuri huanza kuzaa katika mwaka wa tatu, huzaa sana kuanzia mwaka wa saba au wa nane, na huweza kuendelea kwa miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo kazi yake si kama kazi ya mahindi. Mkulima wa mahindi akitayarisha shamba vibaya mwaka huu, mwakani atalima tena. Mkulima wa pilipili manga huchimba shimo mara moja tu. Akiisha kupanda, hawezi kuurudia udongo wa chini bila ya kuikata mizizi.

Jambo baya zaidi ni kwamba hasara haionekani upesi. Mche uliopandwa mahali pabaya huweza kustawi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ukafa kwa mvua nyingi za mwaka wa tatu au wa nne, yaani wakati mwenyewe anatazamia mavuno. Mkulima huyo amepoteza miche, samadi, na jasho la miaka mitatu.

Somo hili ni kwa mkulima mwenye nafasi ya mashina 20 hivi karibu na nyumba yake, katika sehemu zenye joto na mvua nyingi, kama vile Amani na vijiji vingine vya Usambara Mashariki, miteremko ya mashariki ya Uluguru, Unguja na Pemba.

1. MMEA HUU UNATAKA NINI

Asili ya pilipili manga ni misitu ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Huko mvua ni nyingi sana, lakini nchi ni ya miteremko, na maji hayakai. Majani ya miti huanguka na kuoza, na mizizi ya pilipili manga hujitandaza katika udongo huo mweusi ulio laini. Mizizi mingi inayoulisha mmea haishuki chini kupita sentimita 60.

Basi tukumbuke mambo mawili. Mizizi hutaka unyevu, na mizizi hutaka hewa. Udongo wa mchanga mtupu hukosa unyevu. Udongo uliojaa maji hukosa hewa. Kazi yote ya kutayarisha udongo ni kuupa mmea vyote viwili pamoja.

2. CHAGUA MAHALI

Chagua mteremko mdogo, au mahali palipoinuka. Usichague bondeni, wala mahali paotapo matete na majani mengine ya majimaji. Usichague chini ya paa la nyumba, mahali maji ya mvua yanapoangukia, wala karibu na shimo la maji machafu. Kadhalika usipande mahali ambapo pilipili manga nyingine ilikufa kwa kuoza shina, kwa maana ugonjwa huo hukaa ardhini.

3. PIMA UDONGO KWA MKONO NA KWA MAJI

Kwanza pima kwa mkono. Chukua konzi ya udongo wenye unyevu kidogo, uufinye. Ukiachia nao ukamwagika wote, una mchanga mwingi, nao utahitaji mboji nyingi. Ukinata na kufinyangika kama udongo wa chungu, ni mfinyanzi, nao utahifadhi maji mno. Udongo mzuri hushikana mkononi, lakini ukiubonyeza kwa kidole huvunjika vipande vipande.

Pili, pima kwa maji. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 50. Jioni lijaze maji, uyaache yanywee, kisha ulijaze tena. Asubuhi litazame. Kama maji yamekwisha, mahali panafaa. Kama maji bado yamesimama, usipande hapo. Tafuta mahali pengine palipoinuka.

Pilipili manga hupenda udongo wenye uchungu kidogo, kipimo cha pH 5.5 mpaka 6.5. Jambo hili halijulikani kwa macho. Chukua udongo kidogo kutoka sehemu nyingi za shamba lako, uchanganye, kisha umwombe Bwana Shamba au Bibi Shamba akuonyeshe jinsi ya kuupeleka kupimwa. Usimwage chokaa kwa kubahatisha.

4. MTI WA KUEGEMEA HUTANGULIA

Pilipili manga haisimami peke yake. Ukiwa na mfenesi au mti mwingine imara wenye ganda la kukwaruza, unaweza kuutumia. Kama huna, panda glirisidia. Kata vijiti vinene kama kifundo cha mkono, uvisimike wakati wa masika, mwaka mmoja kabla ya kupanda pilipili manga. Kati ya mti na mti acha meta 2.5 mpaka 3.

Glirisidia ina faida ya pili. Huongeza chakula cha naitrojeni katika udongo, na matawi yake ukiyapunguza hukupa majani mazuri ya kutandaza. Usitumie nguzo kavu. Nguzo itaoza au kuliwa na mchwa, na mmea utaanguka ungali unazaa.

5. TENGENEZA MBOJI MAPEMA

Kila shimo litahitaji debe moja la mboji au samadi iliyooza barabara. Kwa mashina 20 ni madebe 20. Mtu hawezi kupata kiasi hicho kwa siku moja, kwa hiyo anza miezi minne kabla ya kujaza mashimo.

Chagua mahali penye kivuli. Weka tabaka la majani makavu na mabua, juu yake tabaka la majani mabichi, juu yake samadi, kisha udongo kidogo wa juu. Nyunyizia maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha kiuno, kisha ulifunike kwa majani ya migomba. Kila baada ya wiki tatu ligeuze, ya nje yaingie ndani. Chomeka kijiti katikati ya lundo. Ukikichomoa nacho ni cha moto na kibichi, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Mboji iliyo tayari ni nyeusi, hainuki vibaya, wala huwezi tena kutambua jani gani lilikuwa la nini.

Usitie shimoni samadi mbichi. Huunguza mizizi.

6. KUCHIMBA SHIMO

Chimba wakati wa kiangazi, Januari au mwanzo wa Februari. Shimo liwe na upana wa sentimita 50 kila upande, na kina cha sentimita 50, yaani dhiraa moja na kidogo. Ukingo wa shimo uwe sentimita 30 kutoka kwenye mti wa kuegemea, usije ukaikata mizizi yake.

Hapa ndipo wakulima wengi wanapoharibu kazi. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja wa shimo. Udongo wa chini, ule mwekundu au wa manjano, uweke upande wa pili. Usichanganye. Rutuba karibu yote imo katika udongo wa juu.

Watu wa Uluguru walilijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 wakayakataa kwa ghasia. Moja ya sababu zao ilikuwa kwamba matuta yaliufukia udongo wa juu na kuuleta juu udongo wa chini usiozaa. Mkulima anayerudisha udongo mwekundu shimoni anafanya hasara hiyo hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Ukiisha kuchimba, acha shimo wazi kwa wiki mbili au tatu lipigwe na jua na upepo.

7. KUJAZA SHIMO

Jaza mwisho wa Februari, kabla ya masika. Shimo la kipimo hiki huchukua kama madebe sita. Udongo wa juu uliotoka shimoni ni kama madebe mawili na nusu tu. Ongeza debe moja la mboji na konzi mbili za majivu ya kuni. Yaliyosalia, madebe matatu au manne, yawe udongo mweusi uliokwanguliwa kidogo kidogo chini ya miti au katika zizi la zamani. Changanya vyote vizuri juu ya ardhi, kisha ujaze.

Kama hupati udongo mweusi wa kutosha, punguza mashimo. Mashimo kumi yaliyojazwa vizuri yatakupa mavuno kuliko ishirini ya kubahatisha.

Usikanyage kwa nguvu. Jaza mpaka udongo uinuke sentimita 15 juu ya ardhi, kama kichuguu kidogo, kwa sababu utashuka mvua zikianza. Udongo ukishuka ukaacha kibonde, maji yatatuama penye shina.

8. NJIA YA MAJI

Sasa utumie ule udongo wa chini. Katika upande wa juu wa mteremko, chimba mfereji mdogo unaokingama, na udongo huo ufanye tuta kando yake, ili maji ya mvua yapite mbali na mashimo. Mfereji uishie penye majani, yasije maji yakachimba korongo.

Kazi hii ndiyo kinga kubwa ya ugonjwa wa kuoza shina. Kimelea chake huishi ardhini na husafiri na maji. Dalili zake ni majani kugeuka manjano na kulegea, na shina kuwa jeusi na bichibichi karibu na ardhi. Shina likiisha kuoza hapo, mmea hauponi. Ung'oe na kuuchoma moto, usipande tena katika shimo hilo, na uoshe jembe lako kabla ya kwenda penye mimea mizima.

9. BAADA YA KUPANDA

Panda masika yakiwa yameshika, katikati ya kichuguu. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 10 kuzunguka mche, lakini yasiguse shina. Usipalilie kwa jembe karibu na mmea, maana mizizi iko juu na kidonda cha jembe ni mlango wa ugonjwa. Ng'oa magugu kwa mkono, au yafyeke. Kila mwaka mwanzo wa masika ongeza mboji juu, bila kuchimba.

KALENDA YA KAZI

Masika, mwaka wa kwanza: simika glirisidia.
Oktoba: anza lundo la mboji.
Desemba, mvua za vuli zikiendelea: tazama maji yanakopita na yanakotuama.
Januari: chimba mashimo, ukitenga udongo wa juu na wa chini.
Mwisho wa Februari: jaza mashimo, maliza mifereji.
Aprili: panda.

KUMBUKA

Udongo wa juu urudi shimoni, udongo wa chini ukae nje. Mboji iwe imeoza. Kichuguu kiinuke. Maji yawe na njia. Ukiona kazi ni nyingi, fanya mashimo machache mwaka huu na mengine mwakani. Miche inaweza kungoja katika kitalu, lakini shimo baya halitengenezeki mmea ukiwa ndani yake. Penye shaka, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba aje ayaone mashimo yako kabla hujayajaza.