SOMO: TUKIKAA KUANGALIA MATUNZO, MWENYEWE AWEPO



Wazazi wengi hapa kisiwani wamekwisha kumpeleka mtoto kupimwa na kuandikishwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ni hatua njema. Lakini mtoto hukua na mahitaji hubadilika, kwa hiyo matunzo yake yaangaliwe tena na tena.

Tulimsindikiza mama mmoja wa Kibokoni na kijana wake wa miaka 16, mwenye usonji, asiyesema. Alikuwa amesusa chakula na anajipiga shavuni. Zahanati moja ilimwongezea dawa ya kumtuliza bila kumtazama kinywani. Nasi tulinyamaza. Wiki tatu baadaye nyanya yake akasema, "Mbona hujipiga upande mmoja tu?" Kumbe ni jino limeoza! Liling'olewa, akala.

Wazee husema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Asiyesema huumwa kama sisi. Tabia ikibadilika ghafla, tutafute maumivu kwanza: jino, sikio, tumbo, kufunga choo.

Kabla ya kwenda
Andikeni daftarini: anakula nini, analalaje, anatumia dawa gani na tangu lini, na mara ya mwisho kupimwa macho, masikio na meno. Kama kelele humsumbua, ombeni aonwe mapema, foleni isijejaa.

Mkiwa ndani
Mwenyewe awepo, aulizwe kwa picha, ishara au kwa kuonyesha. Anayeshinda naye nyumbani aje pia. Ulizeni: Dawa hii ni ya nini? Itaangaliwa tena lini? Lakini msiikatize wenyewe bila daktari. Huko Uingereza, katika vikao vya namna hii huketi pia mtu aliyeyapitia: mwenye usonji au ulemavu wa akili, ama wa jamaa yake. Nasi tunaweza kwenda na mzazi mwenzetu.

Mkirudi
Andikeni nani atafanya nini, na lini. Kikundi kifuatilie baada ya miezi mitatu.

Tukumbuke, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa lugha isiyomdhalilisha. Basi "zezeta" tuliache, hata kwa mzaha.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani mtaani kwetu hajaangaliwa tena tangu alipopimwa?
2. Akiumwa, hutuonyeshaje?
3. Nani kati yetu atawasindikiza safari ijayo, na hatanyamaza?